Maswali ya Wasomaji: Kusoma Historia ya Uchaguzi ya Eneo Bunge la Jimbo nchini India

Toleo lililopita tulieleza jinsi mabunge ya majimbo ya India yanavyochaguliwa. Barua zilizofuata zimetoka zaidi kwa watu ambao tayari wana jedwali la matokeo mkononi na wamekwama katikati yake. Tumechagua zile zinazogusa makosa yanayorudiwa mara nyingi. Katika majibu haya, "jimbo" ni Kerala, Tamil Nadu na mengineyo. "Eneo bunge" ni kipande cha jimbo kinachompeleka mwakilishi wake katika bunge la jimbo hilo.

Swali: Ndugu mhariri, chuoni nimepewa kazi ya kuandika historia ya uchaguzi ya eneo bunge moja la Kerala tangu mwanzo. Nimeshapata orodha ya washindi wote. Naomba kujua kama inatosha, na kama haitoshi nianzie wapi.

Jibu: Haitoshi. Ukianza na orodha ya washindi utaandika historia ya jina, si ya wapiga kura walioishi chini ya jina hilo. Anza na mipaka.

India imeunda tume za kuchora mipaka ya maeneo bunge kwa sheria nne: za mwaka 1952, 1962, 1972 na 2002. Kila tume ilipomaliza kazi, maeneo mengi yalibadilika umbo hata pale jina lilipobaki lilelile. Kwa Kerala kuna jambo la kutangulia hata hayo: jimbo lenyewe lilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956, hasa kwa kuunganisha Travancore-Cochin na wilaya ya Malabar iliyokuwa chini ya Madras. Kama eneo lako liko Malabar, matokeo ya uchaguzi wa kwanza wa 1951–52 yamo katika kumbukumbu za Madras. Kama liko kusini, yamo katika za Travancore-Cochin, ambako kulikuwa pia na uchaguzi mwaka 1954. Ukitafuta "Kerala 1952" hutapata kitu, na wengi hapo huandika kwamba historia ilianza 1957. Watu walikuwa wameshapiga kura kabla ya hapo.

Kisha angalia idadi ya viti. Bunge la Kerala lilikuwa na viti 126 mwaka 1957 na 1960, vikawa 133 kuanzia 1965, na 140 kuanzia 1977. Mipaka iliyotangazwa 2008 ilitumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa bunge la jimbo wa 2011. Piga mstari katika jedwali lako kwenye kila mabadiliko: kabla ya 1957, kabla ya 1965, kabla ya 1977, kabla ya 2011. Usilinganishe asilimia za chama kwa kuvuka mstari bila kumwonya msomaji.

Baada ya hapo tafuta amri za mipaka zenyewe. Huandikwa kwa majina ya vitengo vya utawala: taluka fulani, halmashauri za vijiji fulani, kata namba fulani za mji. Weka amri ya zamani na mpya sambamba, uorodheshe vijiji vilivyotoka na vilivyoingia. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia nyingine ya kujua kama chama kilipoteza wafuasi au kilipoteza vijiji tu.

Sasa ndiyo uende kwenye kura. Tume ya Uchaguzi ya India hutoa ripoti ya takwimu baada ya kila uchaguzi wa jimbo, yenye jina la kila mgombea, chama, kura zake, na idadi ya walioandikishwa na waliopiga. Kwa chaguzi za karibuni kuna kitu cha thamani zaidi, Fomu namba 20, ambayo ni karatasi ya matokeo ya mwisho yenye mstari mmoja kwa kila kituo cha kupigia kura. Ofisi ya mkuu wa uchaguzi wa jimbo huiweka kwenye tovuti yake. Humo utaona chama kilishinda upande gani wa mto na kikapigwa upande gani.

Fomu hiyo ina mitego yake. Nyingi ni picha za karatasi zilizopigwa skani, kwa hiyo tarakimu unaziingiza kwa mkono. Jumlisha kila safu na kila mstari uone kama unapata jumla iliyoandikwa chini. Kura za posta ziko kwenye mstari wa peke yake mwishoni, na anayejumlisha vituo tu hupata pungufu. Namba za vituo hubadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, hivyo kituo namba 45 cha 2011 si lazima kiwe namba 45 cha 2016. Linganisha kwa jina la shule au jengo. Na Wahindi hutenga tarakimu kwa laki: 1,25,340 ni laki moja na ishirini na tano elfu mia tatu arobaini, yaani 125,340. Programu ya majedwali isiyojua mtindo huo inaweza kuipasua namba hiyo vipande vitatu bila kukuambia.

Kwa kuhakiki, tumia data iliyokusanywa na Trivedi Centre for Political Data ya Chuo Kikuu cha Ashoka, ambayo imesafisha matokeo ya miaka mingi. Pale inapotofautiana na ripoti ya Tume, rudi kwenye karatasi ya awali na uandike kwamba kuna tofauti.

Tarehe zenyewe pia zinataka maelezo. Kati ya 1965 na 1967 kuna miaka miwili tu, kwa sababu waliochaguliwa 1965 hawakuwahi kukaa kama bunge: hakuna aliyeweza kuunda serikali. Kati ya 1970 na 1977 kuna miaka saba, kwa sababu muhula wa bunge uliongezwa wakati wa Hali ya Hatari. Na usilinganishe idadi ya walioandikishwa ya 1987 na ya 1991 kana kwamba watu wamezaana ghafla. Katikati hapo, Machi 1989, umri wa kupiga kura ulishuka kutoka miaka 21 hadi 18.

Swali: Nimekuwa nikifuatilia eneo bunge la Pala, Kerala. Mwaka 2019 mgombea wa muungano wa kushoto alishinda. Mwaka 2021 mtu yuleyule alishinda tena, lakini jedwali linasema kushoto imeshindwa. Ni kosa la uchapaji?

Jibu: Si kosa, na Pala ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa nini safu ya "chama" peke yake haifai.

K. M. Mani alishinda Pala mara 13 mfululizo, kuanzia uchaguzi wa 1965 hadi wa 2016, na akafariki Aprili 2019 akiwa bado mbunge. Ukitazama jina tu, unaona miaka zaidi ya hamsini ya utulivu. Ukitazama chama, unaona Kerala Congress, iliyoundwa 1964, kisha kundi lake mwenyewe, Kerala Congress (M), kuanzia 1979. Ukitazama muungano, utulivu wote unatoweka. Mwaka 1980 Mani alikuwa upande wa kushoto na akawa waziri wa fedha katika serikali ya E. K. Nayanar, uchaguzi wa 1982 ulimkuta upande wa pili, pamoja na chama cha taifa cha Congress. Mpiga kura wa Pala aliyempigia kila mara alikuwa amezipigia kambi zote mbili bila kubadilisha mgombea.

Uchaguzi mdogo wa Septemba 2019 ulikuja baada ya kifo chake. Mani C. Kappan, wa chama cha NCP kilichokuwa ndani ya muungano wa kushoto, LDF, alishinda kwa tofauti ya kura 2,943. Mwaka 2016 mtu huyohuyo alikuwa ameshindwa na K. M. Mani kwa 4,703. Mshindani wake wa 2019, Jose Tom, alikuwa mgombea wa Kerala Congress (M) na wa UDF, muungano pinzani wa Congress, kwa kila hali, ila chama kilikuwa kimegawanyika na alama yake ya majani mawili haikupatikana. Akagombea kama mgombea huru kwa alama ya nanasi. Programu ikihesabu "kura za Kerala Congress (M)" katika uchaguzi huo itapata sifuri, nawe utaandika kwamba chama kilitoweka Pala kwa siku moja.

Kisha zikaja hama hama mbili. Oktoba 2020 upande wa Jose K. Mani, mtoto wa marehemu, ukaingia LDF pamoja na chama. Mapema 2021 Kappan, akiona kiti chake kitapewa mwingine, akatoka LDF akajiunga na UDF akiwa na kundi jipya. Wagombea wakabadilishana kambi, na Kappan akamshinda Jose K. Mani kwa kura 15,378.

Kwa hiyo weka safu tatu zinazojitegemea: mtu, chama kama kilivyoandikwa rasmi, na muungano siku ya kupiga kura. Ukitaka kusema "eneo hili ni ngome ya fulani", sema ngome ya nani katika hizo tatu. Kwa Pala, ushahidi wa 2019 na 2021 unaonyesha kwamba ukoo wa Mani haukuwa na kiti hicho kama urithi, na kwamba kambi ya kushoto haikukipata kwa nguvu zake peke yake. Watu wengi huandika la kwanza na kusahau la pili.

Swali: Katika matokeo ya Kerala ya 1957, baadhi ya maeneo yana washindi wawili, na jumla ya kura inazidi idadi ya waliojitokeza. Je, kulikuwa na wizi?

Jibu: Hapana. Ni maeneo ya wabunge wawili. Mwaka 1957 Kerala ilikuwa na maeneo bunge 114 tu kwa viti 126, kwa sababu 12 kati yake yalichagua wabunge wawili: kiti kimoja cha wazi na kimoja kilichotengwa kwa jamii zilizoorodheshwa kikatiba. Kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, na hakuruhusiwa kumpa mgombea mmoja zote mbili.

Matokeo yalitangazwa kwa utaratibu ufuatao. Kwanza ilijazwa nafasi iliyotengwa, kwa mgombea wa jamii hizo mwenye kura nyingi kuliko wenzake wa jamii hizo. Kisha kiti cha pili kilikwenda kwa yeyote aliyebaki mwenye kura nyingi zaidi, awe wa jamii gani. Ndiyo maana iliwezekana wote wawili watoke jamii zilizotengewa kiti kimoja, na mgombea wa kawaida mwenye jina kubwa akabaki nje. Lawama zilizotokana na hilo zilichangia kufutwa kwa maeneo ya namna hiyo kwa sheria ya 1961.

Ukikokotoa asilimia kwa kugawanya kura za mgombea kwa jumla ya kura zote, na kila mtu ametumia kura zote mbili, hakuna atakayeweza kuvuka 50, hata kama kila mtu amempigia. Gawanya kwa idadi ya watu waliopiga kura. Usifupishe kwa kugawanya jumla ya kura kwa mbili: baadhi ya watu walitumia kura moja tu, na nusu ya jumla itakuwa chini ya idadi halisi ya watu. Na kwa vyovyote, usiweke asilimia hizi kwenye mchoro mmoja na za 1965 na kuendelea.

Swali: Nilisoma kuwa kule Santhemarahalli, Karnataka, mtu alishindwa kwa kura moja. Nikatafuta matokeo ya 2008 ya eneo hilo sikuyaona. Yalifichwa?

Jibu: Hayakufichwa, eneo bunge lilifutwa. Mwaka 2004 R. Dhruvanarayana wa Congress alipata kura 40,752 na A. R. Krishnamurthy wa Janata Dal (Secular) 40,751. Huo ukawa uchaguzi mkuu wa mwisho wa Santhemarahalli. Uchaguzi wa Karnataka wa Mei 2008 ulikuwa wa kwanza nchini kufanywa kwa mipaka mipya, na katika ramani hiyo jina hilo halimo, ingawa jimbo lilibaki na viti 224 vilevile. Dhruvanarayana mwenyewe aligombea Kollegal 2008 na kushinda.

Historia ya eneo lililofutwa inaisha kwa orodha ya vijiji, kila kimoja na eneo bunge kilikohamia. Kosa tunaloliona sana ni kuchagua eneo moja jirani na kuliita "mrithi", kisha kuunganisha matokeo kana kwamba ni mnyororo mmoja. Kama vijiji vimegawanywa kati ya majirani wawili au watatu, hakuna mrithi mmoja.

Kuhusu kura moja: hiyo si ya pekee. Mwaka huohuo wa 2008, huko Nathdwara, Rajasthan, Kalyan Singh Chauhan wa BJP alipata kura 62,216 na C. P. Joshi wa Congress 62,215. Tofauti ndogo namna hii inakutaka uangalie mambo mawili kabla ya kuandika. Je, kuliombwa kuhesabu upya? Ombi hutolewa kwa maandishi, pamoja na sababu, kabla msimamizi hajatangaza mshindi. Akishatangaza, mlango huo umefungwa. Na je, kulifunguliwa shauri? Muda ni siku 45 tangu mshindi atangazwe, na shauri huenda Mahakama Kuu ya jimbo, ambayo inaweza kufuta uchaguzi au hata kumtangaza mwingine kuwa ndiye aliyeshinda. Kura zikilingana kabisa, msimamizi hupiga kura ya bahati papo hapo, na atakayeangukiwa huhesabiwa kama aliyeongezewa kura moja.

Swali: Kwa eneo bunge la Paravur, Kerala, vyanzo vingine vinaandika Sivan Pillai alishinda 1982, vingine A. C. Jose. Nimwandike nani?

Jibu: Waandike wote wawili, kwa tarehe zao, kwa sababu hapa ndipo mashine za kupigia kura za India zilipoanzia.

Mei 1982 Tume ya Uchaguzi ilizijaribu mashine hizo katika vituo 50 kati ya 84 vya eneo hilo. Vituo vilivyobaki vilitumia karatasi kama kawaida. Sivan Pillai wa Chama cha Kikomunisti, CPI, alitangazwa mshindi kwa kura 30,450 dhidi ya 30,327 za A. C. Jose wa Congress, tofauti ya 123. Katika kura za Pillai, 11,268 zilikuwa za karatasi na 19,182 za mashine. Jose akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikamkatalia, akakata rufaa.

Machi 1984 Mahakama ya Juu ya India ikampa haki. Hoja haikuwa kwamba mashine ziliiba kura. Hoja ilikuwa kwamba sheria ya uchaguzi na kanuni zake za wakati huo zilijua karatasi tu, na Tume, pamoja na mamlaka makubwa iliyopewa na ibara ya 324 ya Katiba, haiwezi kubadilisha kwa agizo lake jambo ambalo sheria imeshalisema. Kura zikapigwa upya kwa karatasi katika vituo vile 50, na Jose akashinda. Kwa hiyo mbunge wa Paravur kuanzia 1982 hadi 1984 ni Pillai, na kuanzia 1984 hadi uchaguzi uliofuata ni Jose. Huu si uchaguzi mdogo, ni uchaguzi uleule uliokamilishwa kwa amri ya mahakama; usiuweke kwenye safu ya chaguzi ndogo.

Pengo la sheria lilizibwa kwa kuongeza kifungu cha 61A katika sheria ya uchaguzi, kilichoanza kutumika Machi 1989. Mashine zilirudi Novemba 1998 katika maeneo bunge 16 ya Madhya Pradesh, Rajasthan na Delhi, na mwaka 2001 zikatumika katika maeneo bunge yote ya majimbo kadhaa, Kerala likiwemo. Ile inayochapa kipande cha karatasi ili mpiga kura ahakikishe ilitumika kwa mara ya kwanza Septemba 2013 katika uchaguzi mdogo wa Noksen, Nagaland.

Hili lina athari kwenye jedwali lako. Enzi ya karatasi kulikuwa na safu ya kura zilizoharibika, wakati mwingine nyingi kuliko tofauti ya washindani. Kwa mashine safu hiyo karibu inatoweka, isipokuwa kwenye kura za posta. Anayeona "kura zilizoharibika" zikishuka ghafla baada ya 2001 asiandike kwamba wapiga kura walielimika.

Swali: Naomba mnifundishe kukokotoa nani amepoteza dhamana. Kila nikijaribu napata majina tofauti na yaliyotangazwa.

Jibu: Kanuni ni hii: mgombea ambaye hakuchaguliwa hupoteza dhamana yake, yaani fedha aliyoiweka ili agombee, kama kura zake hazikuzidi sehemu ya sita ya kura halali zote za wagombea. Tuseme wagombea wote kwa pamoja wamepata 138,000. Sehemu ya sita ni 23,000. Mwenye 23,000 kamili amepoteza. Mwenye 23,001 amerudishiwa. Mshindi hurudishiwa hata kama ameshinda kwa chini ya sehemu ya sita.

Majina yanakupotea kwa sababu, inaelekea, ya kitufe cha "Hakuna kati ya hawa", ambacho Wahindi hukiita NOTA. Kilianza kutumika mwishoni mwa 2013 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Septemba mwaka huo. Kura hizo huonekana kwenye jedwali pamoja na wagombea, lakini hazihesabiwi katika kura halali za kupimia dhamana. Katika mfano wetu, ukiongeza 1,500 za NOTA unapata 139,500, sehemu ya sita inakuwa 23,250, na mtu mwenye 23,100 anapoteza dhamana kwenye daftari lako huku serikali imeshamrudishia.

Kiasi chenyewe kina historia. Kwa bunge la jimbo dhamana ilikuwa rupia 250 tu hadi 1996. Mwaka huo, huko Modakurichi, Tamil Nadu, walijitokeza wagombea 1,033 kwa kiti kimoja, ikabidi karatasi ya kura ichapwe kama kitabu. Mwaka huohuo dhamana ikapandishwa hadi rupia 5,000, na sheria ya 2009 ikaifikisha 10,000. Wagombea wa jamii zilizoorodheshwa hulipa nusu. Kwa hiyo ukiona idadi ya wagombea wa eneo lako imeporomoka baada ya 1996, sababu ya kwanza ya kuichunguza ni hiyo.

Mfano wa kujipima: R. K. Nagar, Chennai, Desemba 2017. T. T. V. Dhinakaran, mgombea huru mwenye alama ya sufuria ya presha, alipata 89,013, E. Madhusudhanan wa AIADMK 48,306. Na mgombea wa DMK, chama kikubwa cha upinzani wakati huo, 24,651. Kura halali zilizidi 170,000, kwa hiyo sehemu ya sita ilizidi 28,000. DMK ilipoteza dhamana. Mwaka 2021 DMK hiyohiyo ilikitwaa kiti hicho. Kupoteza dhamana ni kipimo cha uchaguzi mmoja. Kwa kukitumia kutabiri, utakosea.

Swali: Hiyo R. K. Nagar ilipangiwa uchaguzi Aprili 2017 pia. Kwa nini haina matokeo?

Jibu: Kiti kilikuwa wazi tangu mbunge wake, J. Jayalalithaa, alipofariki Desemba 2016. Kura zilikuwa zipigwe tarehe 12 Aprili 2017, Tume ikaufuta uchaguzi siku chache kabla, kwa ushahidi wa fedha zilizokuwa zikigawiwa wapiga kura. Uandike kwenye jedwali lako kwa mstari wake: tarehe, "umefutwa", na sababu. Mstari usio na kura nao ni historia, na katika eneo hilo ndio unaoeleza mengi.

Swali: Na Bhabanipur, West Bengal, mbona ina washindi wawili mwaka 2021?

Jibu: Mamata Banerjee aligombea Nandigram mwaka huo na kushindwa na Suvendu Adhikari kwa kura 1,956, huku chama chake kikishinda jimbo naye akiendelea kuongoza serikali yake. Katiba inaruhusu waziri asiye mbunge kushika wadhifa kwa miezi sita tu. Sobhandeb Chattopadhyay, aliyekuwa ameshinda Bhabanipur wiki chache kabla, akajiuzulu, na Banerjee akachaguliwa hapo kwa kura zilizopigwa tarehe 30 Septemba, kwa tofauti ya 58,835. Katika safu ya sababu usiandike "kujiuzulu" ukaachia hapo. Kujiuzulu ili kumpisha kiongozi, kujiuzulu ili kuhama chama, na kuvuliwa kiti ni mambo matatu tofauti. Karnataka 2019, kwa mfano, wabunge 17 walivuliwa viti chini ya sheria ya kuhama chama, na Desemba kukawa na chaguzi ndogo 15 kwa siku moja.

Swali: Mgombea mmoja ana kura 467 na jina linalokaribia kufanana na la aliyeshika nafasi ya pili. Nimuunganishe naye?

Jibu: Usimuunganishe kamwe. Inaelekea unatazama Manjeshwaram, Kerala, 2016: K. Surendran wa BJP alishindwa kwa kura 89, na kwenye orodha hiyohiyo kulikuwa na K. Sundara mwenye 467. Ni watu wawili. Wagombea wenye majina yanayofanana ni jambo la kawaida, na ndiyo sababu moja ya Tume kuanza mwaka 2015 kuweka picha za wagombea kwenye mashine. Hatari ya upande wa pili ipo pia: mtu mmoja huandikwa kwa herufi tofauti mwaka hadi mwaka, mara kwa herufi za mwanzo, mara kwa jina la ukoo. Hakiki kwa chama, umri na jinsia kabla ya kuunganisha au kutenganisha.

Swali: Ninaweza kujaza mapengo ya miaka kwa kutumia kura za bunge la taifa zilizopigwa katika eneo bunge hilo?

Jibu: Unaweza kuziweka kwenye jedwali la pembeni, si ndani ya lile kuu. Kila kiti cha Lok Sabha, yaani bunge la taifa, kimeundwa kwa maeneo bunge kamili ya jimbo. Kerala ina viti 20 vya taifa na 140 vya jimbo, hivyo saba kwa kila kimoja, na matokeo hutolewa kwa kila kipande. Lakini watu hawapigi kura kwa nia ileile. Mwaka 2019 UDF ilichukua viti 19 kati ya 20 vya Kerala. Miaka miwili baadaye, kwa bunge la jimbo, LDF ilichukua 99 kati ya 140. Aliyejaza pengo kwa kura za taifa ataonyesha wimbi kubwa likipanda na kushuka mahali ambapo wapiga kura walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti. Ukiziweka pembeni, andika juu yake ni uchaguzi wa bunge gani, na uangalie kura za posta: katika matokeo ya taifa mara nyingi hujumlishwa kwa kiti kizima na hazigawanywi kwa vipande, hivyo jumla ya vipande saba itapungua kidogo kuliko jumla iliyotangazwa.